Kuosha Simu ya Mke Mwenzangu

Kitu nikishakitoa, nimekitoa. Watoto wangu wanajua hivyo, na wajukuu wameanza kujua. Sijawahi kumpa mtu mbuzi kisha nikamwangalia huyo mbuzi kama wangu. Kwa hivyo mniamini nikisema kwamba ile asubuhi niliyovuka boma kwenda kuomba simu niliyokuwa nimempa mke mwenzangu siku mbili tu kabla, miguu yangu ilikuwa mizito.

Simu yenyewe niliitumia miaka minne. Ilikuwa imepasuka kona moja pale ilipoangukia mawe ya zizi, lakini ilishika chaji na sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani. Binti yangu mdogo, anayepanga nyumba Kitengela na kufanya kazi huko, ndiye aliyeniletea mpya. Akahamisha laini yangu kutoka ya zamani, akaniambia, "Mama, hii ya zamani usimpe mtu mpaka nije niifute."

Nikasema sawa. Lakini Jumapili tukiwa nje ya kanisa, wamama wakisalimiana, mke mwenzangu akanishika mkono akanung'unika kwamba yeye bado anatumia kale kasimu ka tochi. Kila mtu akisikia. Nikaingiza mkono kwenye mfuko, nikatoa ile ya zamani, nikampa hapo hapo. Wamama wakapiga makofi. Mimi ni mtu wa kufanya jambo likaisha.

Na niseme ukweli, hata ningekumbuka kuifuta singeifuta. Mama yangu alinifundisha kwamba kibuyu cha maziwa hakitolewi kikiwa kitupu. Unampa mwenzako kibuyu kipya, unaacha ndani maziwa kidogo, hata tone, ili nyumba yake isikauke. Hivyo ndivyo nimefanya maisha yangu yote. Kwa hiyo nilimwachia mwenzangu picha humo ndani. Kulikuwa na yule fahali mwenye doa la mgongo, na mzee wetu akiwa hai, ameketi kwa kigoda na shuka lake. Nilifikiri mambo yangu ya siri yako kwenye laini, na laini nilikuwa nayo. Vilivyobaki nilihesabu kuwa maziwa.

Jumanne binti yangu akapiga simu.

"Mama, ile ya zamani iko wapi?"

"Nimempa mama yako mdogo."

"Uliifuta?"

"Laini si ulitoa wewe mwenyewe?"

"Mama, laini ni ya kupiga tu. Picha, sauti, kila kitu ulichotumiwa kimebaki ndani ya simu yenyewe. Akibonyeza kinasema."

"Sauti zote?"

"Zote."

Niliketi juu ya debe la maji.

Hapa lazima nieleze. Mke mwenzangu ana msichana mmoja tu, aliyeolewa upande wa Illasit. Mimi zamani nilikuwa mkunga. Nimepokea watoto wengi kabla hospitali haijatukaribia, na wasichana wa boma letu wakiwa na jambo la tumbo wananiuliza mimi. Huyo msichana alikuwa amenitumia sauti tano. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Akashika nyingine, nayo ikatoka. Alikuwa ananiuliza ale nini, apumzike kiasi gani, ni kawaida kuumwa mgongo hivi? Na kila sauti iliishia hivi, akiniita mama kwa Maa, lugha yetu: "Yeyo, usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu."

Mama yake ana presha. Tena ana mdomo. Angesikia, angepanda gari siku hiyo hiyo kwenda kugombana na wakwe wa huko, aulize wanamlisha nini mtoto wake, na msichana angebaki katikati akiwa hana nguvu ya kusimama. Nilikuwa nimempa neno langu. Nikajiona na ile simu nje ya kanisa, nikimpa mama yake mkononi huku watu wanapiga makofi.

Nikavuka boma.

Alikuwa amekaa mlangoni anasuuza vikombe.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia. "Mbona uso umekunja hivyo? Ng'ombe amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nipe ile simu."

Akaweka kikombe chini polepole. "Nilijua. Nilimwambia jirani, huyu atajuta kabla wiki haijaisha."

"Sijuti. Simu ni chafu. Nataka niioshe."

"Nimeipangusa na leso yangu mpya."

"Ni uchafu wa ndani."

"Simu ina ndani?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi nimeelewa kwa nini jana imeongea."

"Imeongea?"

"Nimebonyeza hapa na pale, mtu akaanza kusema."

"Nani?"

"Nani mwingine? Wewe! Unamtukana yule mchungaji wetu wa ng'ombe, unamwambia hata punda ana akili kumshinda. Nikaizima haraka. Kelele zako nazisikia bure kutoka hapa, sihitaji simu."

Alikuwa amebonyeza sauti moja, na Mungu alikuwa amemchagulia ile ya punda.

"Inaoshwa Kitengela," nikamwambia. "Leo."

"Basi twende wote. Simu ni yangu. Siwezi kuiacha itembee na wewe peke yako, urudi umenibadilishia."

Ningemkataza vipi? Tukaenda wote. Njia nzima alikuwa ameishika ndani ya shuka, kifuani, na kila kidole chake kikisogea nilikuwa naomba.

Binti yangu alikuwa ametuelekeza kwa msichana anayetengeneza simu kwenye kibanda cha kioo, kando ya duka la dawa. Niliingia nikiwa tayari kumdharau. Nilimkuta ni mtoto tu, labda miaka ishirini na tano, nywele fupi kama mvulana, amevaa koti la bluu kama la fundi wa magari. Kwao ni magharibi, ila amekulia hapa Kitengela.

"Karibuni, shosho," akasema.

"Mimi si shosho. Kwetu nyanya ni koko."

"Karibu, koko," akasema, bila kucheka wala kuomba msamaha. Akarekebisha, basi. Hilo nililipenda, lakini sikumwonyesha.

Nikaangalia meza yake, kwa sababu mimi mtu namjulia mahali anapofanyia kazi. Ilikuwa safi kuliko jikoni nyingi ninazozijua. Kila skrubu ya simu aliyoifungua ilikuwa ndani ya kifuniko chake cha soda, na kila kifuniko kimekaa mahali pake, zimepangwa kama vile zilivyotoka. Hakuna kikombe cha chai juu ya meza. Nimefanya ukunga miaka mingi, najua mtu anayepanga vitu vyake kabla ya kugusa.

"Nani mwenye simu?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," mwenzangu akasema.

Msichana akatuangalia. "Namuuliza yule ambaye mambo yake yako ndani."

"Hapo ni mimi," nikasema.

Mwenzangu akatoa simu kifuani akaiweka mezani. Msichana akaigeuza. Nilifikiri anaigeuzia upande wake. Hapana, aliigeuza ikaniangalia mimi. "Utabonyeza mwenyewe, koko. Mimi nitakuambia wapi. Mambo yako siyahitaji."

Mwenzangu alikuwa amenisimamia begani, anapumua sikioni mwangu. Yule mtoto akanitazama usoni, akamtazama mwenzangu, akanitazama tena. Sikuwa nimesema neno lolote. Akasema, "Mama, hii simu imepasuka kona, itahitaji kava. Pale kwa jirani kuna nyingi. Chagua vizuri, usikubali inayoteleza. Jaribu hata kumi."

"Kuna nyekundu?"

"Ziko nyekundu za kila aina."

Mwenzangu akaondoka kama ameitwa mbinguni.

Nikainama. "Humo kuna sauti za mtoto wa watu," nikasema. "Nimeweka ahadi. Zisisikike."

Wengine wangeuliza ni za nani. Wangetaka kujua ni mapenzi, ni wizi, ni nini. Yeye alishika kitufe cha pembeni akashusha sauti ya simu mpaka mwisho, akanionyesha alama kwamba imenyamaza. Ndipo akasema, "Kuna kitu unataka kubaki nacho?"

"Picha za mzee, na za ng'ombe."

Akanionyesha njia, picha zikahama moja moja kwenda kwenye simu yangu mpya. Alipomaliza akachukua kasindano, akachokoa pembeni mwa simu, kikatoka kitu kidogo kama ukucha. "Na hii ni memori kadi. Watu wengi wanasahau. Wanafuta simu na kadi inaenda na kila kitu." Akaniwekea mkononi, akanikunjia vidole. Binti yangu aliyesoma mpaka chuo hakuwa amenitajia hiyo kadi.

"Na sauti?" akauliza. "Ukitaka kuzihamisha, nitakuonyesha. Usipotaka, zitapotea na zingine."

Kwenye ile ya mwisho msichana wetu wa Illasit alikuwa amecheka. Alikuwa ameniambia kwamba siku hiyo amemaliza sahani ya ugali kwa mara ya kwanza tangu mimba itoke, na mume wake amesimama mlangoni akimhesabia matonge. Nilikuwa naisikiliza hiyo nikikama. Nilitaka kubaki nayo. Lakini simu yangu mpya nayo kesho nitaiacha juu ya kitanda, mtu aingie abonyeze.

"Zipotee," nikasema.

"Sawa." Hakuuliza mara ya pili. "Sasa tutoe akaunti. Tukifuta bila kuitoa, simu itamsumbua huyu mama kila siku, itataka paswadi yako na haitafunguka. Unayo?"

Paswadi alikuwa nayo binti yangu. Nikampigia kazini kwake. Nikampa msichana simu aambiwe, akarudisha mikono nyuma kama nimempa makaa.

"Usiniambie mimi, koko. Akuambie wewe, uandike wewe."

Mimi! Nimesoma gumbaru, ile shule ya watu wazima, miezi saba tu, nikiwa tayari nina wajukuu, nikaacha mvua iliponyesha tukahamia malisho. Herufi nazijua, lakini nazijua kama watu wa mbali, lazima waje karibu ndio niwatambue. Nikamwambia hivyo.

"Tuna muda," akasema. Akageuka akanipa mgongo. Akasimama mlangoni mwa kibanda chake, mikono nyuma, akiangalia punda wa kubeba maji wakipita barabarani, kama askari.

Binti yangu akaanza kunitajia sikioni. Kumbe paswadi ni jina la yule ng'ombe wangu wa kwanza, niliyepewa nikiolewa, na tarakimu nyuma yake. Mtoto hajawahi kumwona huyo ng'ombe, alikufa kabla hajazaliwa. Nikatafuta herufi ya kwanza. Vidole vyangu vimelainika kwa miaka ya kusiliba nyumba na kinyesi cha ng'ombe, simu wakati mwingine haivisikii kabisa. Nikabonyeza, ikakataa. Nikaanza upya, ikakataa tena.

"Mama, umeruka moja," binti yangu akasema. "Polepole."

Kijana mmoja akaja na simu yake, akaingiza kichwa dirishani kuangalia ninachofanya. Yule msichana akasogea hatua moja tu, akaziba dirisha lote na lile koti la bluu. "Ngoja nje, kaka. Kuna mteja."

"Si nauliza tu bei ya skrini?"

"Utauliza ukiwa nje."

Mara ya tatu ikakubali. Ndipo mwenzangu akarudi, ana kava tatu nyekundu mkononi, akanikuta natoka jasho.

"Mnaandika barua kwa chifu?"

"Keti," nikamwambia.

Akaketi karibu kabisa, goti kwa goti. Skrini ilikuwa mbele yetu wote wawili. Msichana akaja, akaniambia mahali pa kubonyeza, na mahali pengine, tukafika kwenye maandishi mekundu. "Hapa ikienda haitarudi," akasema. "Hata mimi siwezi kuirudisha. Bonyeza ukiwa na uhakika."

Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi.

"Umeiua!" mwenzangu akapiga kelele. "Simu yangu! Umeniua simu!"

"Haijafa, mama," msichana akasema. "Inajisafisha."

Kukawa na alama ndogo inazunguka. Tukaingoja. Nikawaza jinsi tunavyosafisha kibuyu. Kusuuza na maji hakutoshi, maziwa ya jana yanabaki kwenye kuta yakachachusha ya leo. Unachoma kijiti cha mzeituni, unaingiza kaa lake ndani, unatikisa, unasugua mpaka chini kabisa pale jicho halifiki, ndipo unatoa majivu. Nilimwambia yule msichana hivyo. Akafikiria, akasema, "Kumbe koko unaifanya kazi yangu tangu zamani." Nimesifiwa na wachungaji na machifu, hawakunifurahisha vile.

Simu ikaamka. Ikatusalimia kwa lugha za watu wa mbali, ikauliza tunataka ipi. Mwenzangu akaichukua, akabonyeza hapa na pale kama kawaida yake. Mimi moyo ulikuwa umetulia, abonyeze hata na kiwiko.

"Mzee yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kwangu. Nitamwambia binti yangu akutumie."

"Na fahali?"

"Ametoka."

"Hakuna kitu." Akaniangalia, na safari hii hakuwa anatania. "Miaka yote hii tumeishi, hujawahi kunipa kitu kitupu. Hata mwaka ule wa ukame ulinipa kibuyu na kijiko kimoja cha maziwa ndani. Leo unanipa kitupu."

Kweli ilikuwa yake. Ile sababu ya kufuta sikuweza kuitaja, na bila hiyo sababu nilionekana mchoyo.

Yule msichana alikuwa anafunga vifuniko vyake vya soda. Akasema, bila kuinua macho, "Koko anaweza kuweka sauti. Ni hapa." Akanionyesha.

Nikaishika simu karibu na mdomo. Sijui kusema maneno matamu. Nikasema kwa Maa, "Hii ni mimi. Mungu akupe watu wa kukupigia. Usiitie maji, na usiikalie." Nikamrudishia.

Akabonyeza akasikiliza. Akabonyeza tena. "Hata kubariki anabariki akikaripia," akamwambia msichana, lakini aliifunga simu ndani ya kava nyekundu akaitia kifuani, na tukarudi nyumbani akiimba.

Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili tangu tuoshe simu, ndipo mwenzangu akaja kwangu mchana, nikichambua maharagwe. Hakunisalimia. Aliketi chini. Macho yalikuwa mekundu, lakini hakuwa amebeba mfuko wa safari.

"Mtoto amenitumia sauti," akasema. "Amenieleza. Mimba zote mbili."

Nikaacha maharagwe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ndiyo sababu ulienda kuosha simu."

"Ndiyo."

Nikangoja ugomvi. Tumegombana mimi na yeye juu ya ndama, juu ya kuni, juu ya mwanamume. Najua anavyoanza. "Kwa hivyo nilikaa pale najaribu kava kumi," akasema, "kama mjinga."

"Ulichagua nzuri."

Alicheka na kulia pamoja, nami nikamshika mkono, jambo ambalo sifanyi. Akasema ameambiwa na mtoto asiende Illasit kwa sasa, na ameitikia. Atampigia kila jioni tu, amsikie akila. Nilimwangalia yule mwanamke mwenye mdomo, mwenye presha, na nikakubali moyoni kwamba sikuwa nimempima vizuri.

Kisha akatoa simu. "Hizi sauti sitaki mtu azisikie. Wajukuu wanaichukua kucheza. Nimesikia simu inaweza kufungwa kwa kuchora mstari. Nionyeshe."

Mstari binti yangu alikuwa amenifundisha. Nikamfungulia mpaka mahali penyewe, nikaweka simu mapajani mwake, ikimwangalia yeye.

"Nichore vipi?"

"Usiniambie mimi," nikasema. "Chora unavyojua."

Nikasimama nikageuka. Nikaweka mikono nyuma nikaangalia ng'ombe, mpaka aliposema tayari.